Kwa nini dunia ina uhai? Udongo wa Kilwa watoa ushahidi

Dunia yetu inalizunguka jua mara moja kila mwaka. Lakini haiko peke yake. Ina wenzake saba wanaolizunguka jua hilo hilo. Hizo zote, pamoja na dunia, huitwa sayari. Na jua lenyewe ni nini? Jua ni nyota kama zile tunazoziona usiku, ila lenyewe liko karibu nasi sana.

Sayari nane, basi. Uhai tunaoujua uko kwenye moja tu, hii tunayolima mihogo na ufuta. Kwa nini? Wengi hujibu upesi: "Kwa sababu dunia haiko karibu mno na jua, wala haiko mbali mno." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili haisemwi sana, na sehemu ya ushahidi wake imechimbwa humu humu mkoani Lindi, katika wilaya ya Kilwa.

SAMAKI JUU YA CHANJA

Tuanze na ile nusu inayojulikana. Mtu anayekausha samaki kwa moto anajua kazi yake. Akiweka chanja chini mno, samaki wanaungua. Akiiweka juu mno, joto haliwafikii, na kesho wananuka. Katikati kuna kimo kinachofaa.

Kila nyota nayo ina nafasi yake inayofaa kuizunguka. Nyota kubwa na kali, nafasi hiyo iko mbali. Nyota ndogo na hafifu, nafasi iko karibu. Wataalamu wanaotafuta sayari zenye uhai huangalia nafasi hiyo kwanza, na kipimo chao ni maji. Wanauliza: je, mahali pale maji yanaweza kukaa yakiwa maji? Yasichemke yakaisha, wala yasigande yote yakawa barafu?

Mbona maji, si kitu kingine? Tazama mbegu ya mahindi. Inakaa ndani ya debe miezi mingi, kimya kama kokoto. Ikipata maji inaamka. Chakula ndani ya mti na ndani ya mwili wa mtu husafiri kwa maji. Hakuna kiumbe tunachokijua ambacho kinakua na kuzaa bila maji.

Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua. Sayari iitwayo Zuhura iko kilomita milioni 108. Zuhura ni ile "nyota" kubwa inayong'aa kupita zote alfajiri au jioni, ambayo wavuvi wanaifahamu vizuri. Nyingine iitwayo Mirihi, ile yenye rangi nyekundu-nyekundu, iko kilomita milioni 228. Sisi tuko katikati yao.

Hapo ndipo watu wengi huishia. Lakini sasa utazame Mwezi. Mwezi unatembea pamoja na dunia, kwa hiyo umbali wake kutoka kwenye jua ni karibu sawa sawa na wetu. Kama shauri lingekuwa umbali tu, Mwezi nao ungekuwa na mito na minazi. Watu walifika huko mara ya kwanza mwaka 1969, wakakuta vumbi na mawe. Mchana joto lake hupita nyuzi 100, yaani kupita maji yanayochemka. Usiku baridi yake hushuka mpaka zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Na sifuri ndipo maji yanapoganda.

Mwezi uko kwenye chanja ile ile, kimo kile kile. Umekosa nini?

SHUKA LA DUNIA

Umekosa hewa. Hewa siyo ya kupumua tu. Hewa ni shuka la dunia. Mchana inapunguza ukali wa jua, na usiku inazuia joto lisikimbie lote.

Wakulima wa uwanda wa Rondo wanaweza kulithibitisha jambo hili bila kitabu. Usiku wenye mawingu una joto. Usiku mweupe, nyota zote zikionekana, unaamka na baridi na umande. Mawingu yalikuwa yamefunika, sasa yameondoka, joto limepanda juu na kupotea. Na aliyekwenda Kilimanjaro ameona jambo jingine. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Ukiwa pale umelisogelea jua kwa karibu kilomita sita, lakini unakuta barafu! Kule juu hewa ni nyepesi, haishiki joto kama huku pwani.

Hewa yote haifanyi kazi hii kwa nguvu sawa. Anayefanya kazi kubwa ni mvuke wa maji, pamoja na hewa moja iitwayo hewa ya ukaa, au kaboni dayoksaidi. Ni hewa ile ile tunayoitoa puani, na inayotoka kuni zinapoungua. Iko kidogo sana. Lakini pilipili nayo ni kidogo ndani ya chungu, na kila anayekula anaijua. Bila hewa za namna hiyo, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Bahari ingeganda. Kwa sababu zipo, wastani ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri.

Sasa turudi kwa majirani. Zuhura amejifunika mashuka mengi mno. Karibu hewa yake yote ni hewa ya ukaa, na ni nzito mara 90 hivi kuliko yetu. Joto lake ni nyuzi 460 hivi. Chubwi ya risasi unayofunga kwenye mshipi wa kuvulia ingeyeyuka kule kama samli. Tena kuna sayari nyingine, Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, lakini Zuhura ni moto kuipita. Kosa basi si ukaribu peke yake. Ni shuka.

Mirihi ni kinyume chake. Mirihi ni ndogo, upana wake ni kama nusu ya upana wa dunia. Sayari ndogo ina nguvu ndogo ya kuvuta vitu, na hewa yake imevuja kidogo kidogo ikapotelea angani. Iliyobaki haifiki hata sehemu moja katika mia ya hewa yetu. Vyombo vilivyopelekwa kule vimepiga picha za mikondo ya mito mikavu, kama bonde la msimu wa kiangazi, ila mvua yake haikurudi tena. Maana yake Mirihi iliwahi kuwa na maji yanayotiririka. Ilikuwa na mahali, ikakosa shuka.

TANURI LA CHOKAA

Lakini nani analipima shuka la dunia, lisizidi wala lisipungue? Hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka.

Chukua kipande cha tumbawe au ganda la chaza. Lisage kidogo, kisha lidondoshee ndimu. Tazama kwa makini. Utaona vipovu vidogo vinatoka. Ile ni hewa ya ukaa. Ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe.

Wachoma chokaa wa pwani yetu wamefanya kazi hiyo kwa mamia ya miaka, ila wao walitumia moto badala ya ndimu. Tumbawe likichomwa tanurini, hewa ya ukaa inatoka na chokaa inabaki. Majumba na misikiti ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara imejengwa kwa chokaa hiyo. Na chokaa ikishapakwa ukutani, inakauka huku ikivuta tena hewa ya ukaa, mpaka inakuwa jiwe upya. Ndiyo sababu kuta zile ni ngumu hivyo.

Dunia nzima inafanya kazi ya tanuri hilo, ila polepole sana. Mvua inaposhuka inabeba hewa ya ukaa kidogo. Maji hayo yanakula miamba, kidogo kidogo. Mito, kama Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi, inapeleka baharini kile kilicholiwa. Viumbe vya baharini vinakichukua na kutengeneza magamba yao. Vikifa, magamba yanalala chini, na kwa muda mrefu yanakuwa mawe. Hapo hewa imefungwa. Baadaye, ndani sana ya ardhi, mawe yanapata moto, na milima ya volkano inairudisha hewa ile juu. Huku Tanzania tunao mlima wa namna hiyo unaofanya kazi mpaka leo, Ol Doinyo Lengai, mkoani Arusha. Hewa ya ukaa hutoka humo kwa wingi.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba unajirekebisha. Dunia ikipata joto zaidi, mvua huzidi, miamba huliwa haraka, na hewa ya ukaa hupungua. Shuka linakuwa jepesi, joto linashuka. Dunia ikipata baridi, mvua hupungua, miamba hailiwi sana, lakini volkano zinaendelea kutoa hewa. Shuka linakuwa zito tena.

Na kazi hiyo imehitajiwa kweli. Jua letu lina umri wa miaka milioni elfu nne na mia sita hivi. Lilipokuwa changa lilikuwa na mwanga pungufu, kama theluthi moja chini ya huu wa leo. Tangu hapo linaongezeka polepole, kama mtu anayepandisha utambi wa taa usiku kucha. Hata hivyo dunia imekuwa na maji karibu muda wote huo, na viumbe vimekuwamo kwa zaidi ya miaka milioni elfu tatu na mia tano. Bila kitu cha kulipima shuka, jambo hilo lingekuwa gumu kueleweka.

KILICHOCHIMBWA STAKISHARI

Haya yote mtu anaweza kuyasema. Ushahidi uko wapi?

Upande wa Pande, kusini ya Kilwa Masoko, kuna kijiji kiitwacho Stakishari. Siyo ile Stakishari ya Dar es Salaam. Chini ya ardhi ya pale kuna udongo wa mfinyanzi, mzito na laini. Tangu mwaka 2002 wataalamu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), akiwemo Joyce Singano, pamoja na wenzao wa nje kama Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walichimba visima vyembamba sehemu nyingi za Kilwa na Lindi. Hawakutafuta maji ya kunywa. Walitoa udongo kama mtu anayechomoa boriti kutoka ardhini, mita baada ya mita, wakauweka katika masanduku kwa mpangilio. Udongo wa chini ni wa zamani, wa juu ni wa karibuni.

Ndani yake kuna magamba madogo kama chembe za mchanga. Yalikuwa nyumba za vijidudu vya baharini vinavyoitwa foraminifera. Sehemu nyingi za dunia magamba ya zamani namna hiyo yameharibika, kwa sababu maji hupita ndani yake na kuyabadilisha. Udongo wa Kilwa haupitishi maji. Magamba yamebaki yanang'aa kama kioo. Mgeni anayetaka kupanda kitu mahali pale anaweza kuulaumu udongo ule, lakini kwa kazi ya kutunza magamba hauna mfano.

Magamba yanasema nini? Kijidudu kinapojenga gamba lake, kinachukua vitu vya maji yanayokizunguka. Wataalamu wakilipima gamba kwa mashine, wanaweza kujua maji yalikuwa na joto kiasi gani, hata uchachu wake. Na uchachu wa bahari unafuata wingi wa hewa ya ukaa iliyo juu.

Udongo wa Stakishari unaohusika una miaka milioni 34 hivi. Wengine watatikisa kichwa. Basi chukua Husuni Kubwa, lile jumba la kale la Kilwa Kisiwani. Lina miaka 700 hivi. Uchukue umri wake, uurudie karibu mara 50,000. Wakati huo mahali pale palikuwa chini ya bahari yenye kina cha mamia ya mita. Kabla ya hapo, kwa mamilioni ya miaka, maji ya juu ya bahari hii yalikuwa na joto la nyuzi zaidi ya 30 kwa kawaida. Siku hizi huwa kati ya 25 na 30 kufuatana na kusi na kaskazi. Kisha hewa ya ukaa ilipungua. Mwaka 2009 wataalamu hao walitangaza hesabu yao: ilishuka mpaka kama chembe 750 katika kila chembe milioni za hewa. Shuka likawa jepesi. Wakati huo huo barafu ilianza kulifunika bara la kusini kabisa ya dunia, Antaktika, na bado iko hadi leo.

Tuna shahidi mwingine, wa nchi kavu, mzee zaidi. Ni mifupa ya Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale mifupa ya wanyama wakubwa kupita tembo, na wenyeji wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo chake mita 13. Aliishi miaka milioni 150 iliyopita, naye alikula majani. Mnyama wa ukubwa ule hawezi kuishi bila misitu na maji ya kutosha mwaka hata mwaka. Baina ya matabaka yenye mifupa yao kuna matabaka yenye makombe ya baharini. Bahari ilikuwa ikija na kurudi.

Kwa hiyo mkoa huu una ushahidi wa miaka milioni 150, bara na bahari, kwamba maji hayakuisha wala hayakuganda.

JE, NI HABARI NJEMA TU?

Hapana. Udongo ule ule wa Kilwa una habari nyingine. Ukipanda katika masanduku yale kutoka udongo wa chini kwenda juu, unafika mahali ambapo aina fulani za foraminifera zinakoma. Chini zipo. Juu yake hazipo, na hazikurudi tena popote duniani. Bahari ilikuwapo, maji yalikuwapo, uhai uliendelea. Lakini wao mabadiliko yale yaliwashinda. Wale wanyama wa Tendaguru nao hawapo.

Hili ndilo tunaloona watu hulichanganya. Sayari kufaa kwa uhai ni jambo moja. Kuwafaa wale walioko wakati ule ni jambo la pili.

Kabla ya viwanda kuenea, hewa yetu ilikuwa na kama chembe 280 za hewa ya ukaa katika kila milioni. Sasa zimepita 420. Zimetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kukata misitu. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, nayo inatoa hewa hiyo inapochomwa, ingawa ni kidogo kuliko makaa ya mawe. Mtu wa Lindi mwenye jembe na baiskeli ameongeza kidogo mno katika hesabu hii. Nchi zenye viwanda vingi ndizo zilizoongeza sehemu kubwa. Haki haimo katika jambo hili, tuseme wazi.

Msomaji mwerevu atauliza: "Kama zamani zilikuwa 750, hofu ya 420 inatoka wapi?" Swali zuri. Jibu ni mwendo. Yale mabadiliko ya miaka milioni 34 iliyopita yalichukua miaka laki kadhaa. Haya ya sasa yamechukua kama miaka 200. Tanuri la dunia, lile la mvua na miamba, litairekebisha hewa hii, hatuna shaka. Lakini kazi yake huhesabiwa kwa maelfu na malaki ya miaka. Halitangoja msimu wa korosho. Tena wakati wa 750 hapakuwa na mji wa Lindi, wala mashamba ya chumvi ufukweni, wala mtu anayetegemea mvua ianze mwezi fulani.

Bahari tayari inapanda, kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka. Kilwa Kisiwani wanajua nguvu ya mawimbi. Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na moja ya sababu ilikuwa mawimbi kula ufuko na kuangusha kuta. Kuta zilitengenezwa, kazi ya kuzuia mmomonyoko ikafanywa, na mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo. Mikoko ina kazi kubwa katika jambo hili. Mizizi yake inapunguza nguvu ya wimbi na kushika matope, tena inafunga hewa ya ukaa ndani ya matope hayo. Mahali mikoko ilipokatwa yote, wimbi halina wa kulizuia.

Na wale wanaosema watu watahamia sayari nyingine? Ni kweli sayari nyingine zipo. Tangu mwaka 1995, ilipopatikana ya kwanza inayozunguka nyota iliyo kama jua letu, zimehesabiwa zaidi ya 5,000. Kuna nyota moja ndogo hafifu, TRAPPIST-1, yenye sayari saba, na karibu tatu kati yao ziko katika ile nafasi ya chanja. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2017 kwa shangwe. Lakini tumeona kwamba nafasi haitoshi. Wataalamu wanadhani sayari hizo huenda zinaielekea nyota yao kwa upande mmoja siku zote, kama samaki asiyegeuzwa. Darubini kubwa iitwayo James Webb, iliyorushwa angani Desemba 2021, imeanza kutazama kama zina shuka la hewa. Ile iliyo karibu kabisa na nyota ilionekana mwaka 2023 kwamba haina hewa nzito. Nyingine bado zinachunguzwa.

Nyota hiyo ni jirani, kwa hesabu ya nyota. Mwanga, ambao unatoka kwenye jua mpaka hapa kwa dakika 8 tu na sekunde chache, unatoka kule kwa miaka 40 hivi. Ndege ya abiria iendayo kilomita 900 kwa saa ingechukua miaka milioni 48. Kama ingeondoka siku udongo wa Stakishari ulipokuwa ukitua chini ya bahari, leo ingekuwa bado iko njiani, na imebakiza miaka milioni 14.